Kufagia Nyayo Kando ya Ziwa Musoka

Siku yangu ya kwanza ya kazi pale ziwa Musoka nilipewa fagio la njiti za mchikichi nikaambiwa nifagie nyayo za watu mchangani. Si takataka, nyayo. Bwana Ajenti, Mbeleji kijana aliyekuwa akizungukia vijiji vya upande wa Wamaza kwa jina la Administratere, mkuu wa Serikali kule Kabambare, alisimama kwenye baraza ya nyumba mpya ya wageni, mikono kiunoni, akanionyesha ufuko wote kwa kidevu.

"Wageni wanakuja kesho," akasema. "Wanatoka mbali kuona pori. Mutu haiko ku pori. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Nyayo zile nilizifahamu. Zilikuwa za wanawake wa kwetu walioshuka alfajiri kuchota maji, na mojawapo, yenye kidole kidogo kilichopinda nje, ilikuwa ya mama yangu. Kijiji chetu kilikaa pale pale ufukoni tangu babu wa babu zetu. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo Serikali, ambayo sisi tuliiita Bula Matari, ilituhamishia kilimani kando ya barabara, mwendo wa saa moja kwa mguu, ikasema ziwa sasa ni hifadhi: ni la wanyama, na ni la Wazungu kuja kupumzika. Basi nikafagia. Jioni ile Bwana Ajenti alishuka akatazama mchanga, akasema kazi ni nzuri, nami nikafurahi. Sitawadanganya, nilifurahi.

Ninyi vijana mnaonijia na madaftari yenu kuniuliza kazi za zamani mnadhani kufagia ni kufagia tu. Kufagia nyayo kuna ufundi wake. Unaanzia kwenye maji, unarudi kinyumenyume kuelekea majani, na kila ukipiga hatua fagio linapita mbele yako kufuta ulipokanyaga. Hupigi kwa nguvu, kwa sababu mistari ya fagio nayo ni alama ya mtu. Unaacha nyayo za ndege, na njia ya kiboko huiachi tu, unaitunza, maana wageni waliipenda kuliko vyote. Mimi nilifika mahali naweza kufagia ufuko mzima kabla jua halijapanda, usijue kwamba binadamu amezaliwa duniani.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi kwingine. Nilianza kama kantonye, yaani mtu wa kutengeneza barabara, kipande cha Lusangi: jembe, machepe, na kapita wa kutusimamia aliyelala chini ya mkokoteni. Kisha nikapelekwa Kabambare kwenye nyumba ya wageni ya Serikali, nikafundishwa kusafisha taa, kuchemsha maji ya kuoga, na kusimama mbali kidogo Mzungu anapokula. Toka pale nikatumwa Kasongo, ukingoni mwa Lualaba, miezi sita kwa fundi mkuu wa mabato, yaani vyombo vya majini, mzee mkali aliyenifundisha kanoti. Kanoti ni mtumbwi wa mbao za kuunganisha, si wa gogo moja kama yetu. Kati ya ubao na ubao unajaza nyuzi za pamba, unamimina lami ya moto juu yake. Yule mzee alinipiga kofi mara moja tu, siku nilipoiacha kanoti juani ikakauka. "Hii kitu inakunywa maji ndiyo inaishi," akaniambia. "Ukiiacha ikauke, mbao zinaachana. Mbele ya kuipanda, uilowanishe siku mbili. Siku mbili, si moja." Hayo maneno myashike, nitayarudia.

Lakini si kanoti iliyonipa kazi ya Musoka. Ni ngoma. Baba yangu alikuwa mpigaji wa lukumbi, ile ngoma isiyo na ngozi, gogo zima lililochimbwa tumbo kupitia mpasuko mwembamba juu. Ina midomo miwili, mmoja sauti nene, mwingine sauti nyembamba, na kwa hizo mbili unasema chochote. Baba alikufa akaniachia vijiti vyake. Bwana Ajenti alipojua hivyo, akaiteremsha lukumbi ya kijiji kutoka kilimani, akaiweka penye baraza ya wageni, akaniambia: wageni wakikaribia, piga, watu watoe mitego yao majini, wapande juu, wasionekane mpaka wageni waondoke. Ndiyo ilikuwa kazi yangu kuu kwa miaka yote, ukiniuliza kwa neno moja: kulifanya ziwa liwe tupu.

Wageni walikuja wakati wa kiangazi. Walitoka Kasongo, Kabambare, wengine mbali zaidi, madaktari, watu wa mashamba ya pamba, mabibi zao wakibebwa kwenye tipoyi, kile kiti cha miti miwili kinachochukuliwa mabegani na watu wanne. Walikuja kuogelea, kuvua kwa ndoana bila njaa, kutazama ndege kwa miwani mirefu. Walikaa barazani wakishangaa utulivu wa ziwa, wakirudia neno lao moja. Kimya. Mimi nilipita nyuma yao na birika nikifikiri, hapa ulipoweka kiti ndipo bibi yangu alipokuwa anakausha samaki.

Usidhani watu waliacha kuvua. Wangekula nini kule kilimani, mawe? Walijificha. Walichukua mitumbwi yao ya gogo wakaijaza mawe, wakaizamisha ndani ya mafunjo, yale majani marefu ya kando ya maji. Mtu akitaka kuvua anatoa mawe, mtumbwi unaibuka. Mimi nilijua kila mahali ulipolala mtumbwi, na nilinyamaza, nao walijua kwamba ninanyamaza. Tuliishi hivyo bila kuliongea, nikipiga ngoma wakipanda, wageni wakiondoka wakishuka. Ilikuwa aibu, lakini tuliivumilia pamoja.

Mdogo wangu, Kalonda, nilimtafutia kazi pale pale, ya kupiga kasia. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, asiyejua kuogopa. Asubuhi akinikuta na fagio alinitania, akiniita yaya, yaani kaka: "Yaya, ufagie na kivuli changu, Wazungu wasikione." Mama hakutaka aje. Alikubali kwa shida, akaniita ndani ya nyumba yake kule juu, akanishika mkono. "Mutoto huyu nakupa wewe," akasema. "Ku shamba iko yangu. Ku maji iko yako." Nikamjibu, "Ndiyo, mama," upesi upesi, kama mtu anayejibu salamu.

Sasa niwaambie jambo moja la desturi yetu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Katika maneno yote ya lukumbi kuna mwito mmoja tuliouita mwito wa maji. Ni mfupi. Maana yake, mtu anazama. Ukiusikia unaacha ulichoshika. Hata kama ni adui yako anayeupiga, hata kama mke wako ana uchungu wa kuzaa, unakwenda, na huendi mikono mitupu: unachukua kamba, au mti mrefu, au mtumbwi kama unao. Njiani huulizi kitu. Ukifika majini ndipo unauliza, na swali ni moja tu: nani alizama? Baba aliniambia katika maisha yake aliupiga mara tatu, na mara zote tatu watu walijaa ufukoni kabla mkono wake haujachoka. Nikamuuliza mtu akiupiga kwa uongo adhabu yake ni nini. Adhabu haikuwekwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo.

Bwana Ajenti aliondoka, akaja Bwana Konservatere, yaani mkubwa wa hifadhi. Sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Kimya. Hakupenda sauti, hakupenda moshi, hakupenda mbwa. Hakuwa mtu wa matusi. Alipenda lile ziwa kweli kweli, kuliko sisi tulivyolipenda labda, maana sisi tulilila tu. Alinifundisha majina ya ndege kwa Kifaransa. Jioni moja, jua bado liko juu ya mafunjo, alikuwa amekaa na kiko chake, moyo wake umetulia, akaniuliza habari za ngoma. Mtu mzima ukiulizwa habari ya kitu unachokijua, na anayeuliza ni mkubwa wako, unavimba. Nilivimba. Nikamwonyesha mwito wa wageni, mwito wa mkutano, na jina la ngoma la baba yangu, maana kwetu kila mtu ana jina lake la kupigwa. Kisha nikasema, "Na iko moja, Bwana, ile hapana mutu anaweza kuikataa. Hata mwizi atatoka." Nikacheka. Yeye hakucheka, alitoa kiko mdomoni akaniomba nirudie.

Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Juma lililofuata daktari mmoja mgeni alinasa ndoana yake kwenye mgono, ule mtego wa kusuka, ndani ya ghuba ambayo Bwana Kimya alikuwa amemwapia kwamba haijaguswa na mtu. Bwana Kimya aliona haya mbele ya mgeni wake. Siku tatu zikapita. Siku ya nne nikaona polisi sita wamefika kutoka Kabambare, wakaingizwa nyuma ya jiko, wakaambiwa wakae chini. Akaniita.

"Piga ile."

"Ile gani, Bwana?"

"Wewe unajua. Ile ya mwizi kutoka."

"Bwana, ile haiko ya kuchezea. Ile ni ya mutu kufa."

"Mimi hapana uliza kama wewe unapenda. Wewe unajua mitumbwi iko wapi, miaka yote unajua, na unanificha. Piga. Kama hapana, wewe na ndugu yako mutakwenda na wao Kabambare, na kamba shingoni."

Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri ningejibu nini. Ningeweza kusema nipeleke. Wako waliosema hivyo katika nchi hii, nao walizaliwa na mama kama mimi. Mimi nilikuwa na kofia ya kazi, na sare mbili, na mdogo wangu kazini. Nilichukua vijiti vya baba nikapiga mwito wa maji.

Walikuja. Jamani, walikuja upesi namna gani. Mafunjo yalipasuka huku na huku, mitumbwi ikatoka saba, wanaume kumi na mmoja, wengine bado wanarusha mawe nje huku wanapiga kasia, mmoja uchi kabisa na kamba mabegani. Walikuja moja kwa moja kwenye ufuko nilioufagia asubuhi, wakaruka majini, na wa mbele alikuwa mzee Lubunga, rafiki wa baba, ambaye alinifundisha kuogelea. Polisi wakatoka nyuma ya jiko.

Hata walipokuwa wanafungwa hawakuelewa. Walidhani polisi nao wamekuja kusaidia. Mitumbwi ilipasuliwa kwa shoka pale pale. Wanaume walilazwa mchangani wakachapwa fimbo ya ngozi ya kiboko, mmoja mmoja, mimi nimesimama na vijiti mkononi kwa sababu hakuna aliyeniambia niviweke chini. Mzee Lubunga, zamu yake ilipofika, aligeuza uso wenye mchanga akanitazama. Hakunitukana. "Sumaili," akasema, "nani alizama?" Bado alikuwa anauliza. Fimbo ikaanza.

Walikaa gerezani Kabambare miezi miwili. Waliporudi hakuna aliyenifanyia ubaya. Ningependa wangenipiga. Walinisalimu kama unavyosalimu polisi, ukitazama pembeni. Mama peke yake ndiye aliyesema nami. Alinipikia, akangoja nimalize kula, ndipo akasema.

"Ile mwito haikukuwa yako. Haikukuwa ya baba yako. Haiko ya Bula Matari. Ilikuwa ya watu wote." Akafunika chungu. "Sasa kesho mutu akizama, tutamuita na nini?"

"Mama, watu watasahau."

"Wewe uliwaona wakichapwa. Wewe utasahau?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi ziwani, nikaendelea kufagia.

Bwana Kimya alikwenda konji Ulaya, likizo yao ile ndefu, wala hakurudi kwetu. Ziwa likabaki chini ya Administratere mwenyewe, mtu mnene, mpole, mwenye kupenda kuimba peke yake, na mke wake, Madamu, aliyependa ndege. Watu walianza tena kuvua kidogo kidogo. Mitumbwi mipya ilichongwa, ikazamishwa. Nilijua iko wapi, na sasa hawakujua kama nitanyamaza. Hiyo ndiyo tofauti.

Misimu miwili ya kiangazi ikapita. Madamu akaja na mumewe kukaa juma moja. Siku ya tatu akataka kwenda kwenye kisiwa cha katikati kutazama ndege wanaotaga. Kalonda atampeleka. Kanoti moja ilikuwa majini; ya pili ilikuwa juu ya magogo, nimeitoa siku tano kabla ili niitie lami mpya, pamba imetolewa, mbao zimeachana hata ungeweza kupitisha kidole. Nilipaswa kungoja wageni waondoke. Nilidhani kanoti moja inatosha. Ndilo kosa langu la kazi, katika miaka yangu yote ndilo moja tu, la ufundi.

Musoka hutulia asubuhi. Mchana upepo unashuka kutoka milimani, na dalili yake ni moshi wa kijiji: ukiacha kupanda, ukaanza kulala juu ya mapaa, kanoti zote zirudi. Nilimwambia Kalonda, angalia moshi. Akaniambia, "Yaya, mimi ndiye niliyekuonyesha." Akaondoka anapiga kasia polepole, Madamu ameshika kofia yake.

Upepo siku hiyo haukungoja mchana. Niliona moshi umelala ghafla, nikatazama ziwa, nikaona mgongo wa kanoti. Ilikuwa imepinduka, nusu ya njia kutoka kisiwani. Kichwa kimoja kilikuwa juu ya kanoti, nguo nyeupe, kingine pembeni majini. Kalonda alikuwa amempandisha Madamu, yeye mwenyewe anasukuma kwa kuogelea. Mawimbi yalikuwa yanawavuta upande wa mbali, penye mamba.

Mimi na mpishi tuliiburuta kanoti ya pili tukaitia majini. Tulipiga kasia kama hatua ishirini, maji yakafika magotini. Tukazama nayo, tukarudi tunakohoa. Administratere alikuwa anakimbia huku na huku ufukoni, mtu mnene yule, analia jina la mke wake. Hapo nikakimbilia lukumbi.

Niliujua umbali. Kwenye ncha ya mafunjo, mkono wa kulia, kulikuwa na mitumbwi miwili; asubuhi ile ile nilikuwa nimeona majani yakitikisika, nikajua kuna watu, nikapita kama kipofu. Kutoka pale hadi kwa Kalonda, mtu mwenye nguvu angefika kabla hujamaliza kula muhogo mmoja. Nilipiga mwito wa maji. Nilipiga kama baba alivyonifundisha, kisha nikapiga jina la ngoma la baba, wajue ni mimi, kisha mwito tena. Ndiyo, nilitia jina, wajue ni mimi. Mtazame mjinga.

Mafunjo yakatikisika. Nikasema moyoni, wanatoa mawe. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Wakatoka. Wakatoka upande wa nchi kavu, wanaume wanne, nikaona migongo yao, wanakimbia kwenye njia ya kilimani, na wa mwisho anageuka kutazama kama polisi wanamfuata.

Niliita kwa mdomo. Upepo ulikuwa unarudisha sauti yangu. Nilipiga ngoma mpaka kijiti kimoja kikavunjika, nikapiga na kimoja. Kichwa cha pembeni ya kanoti kilikuwa kinaonekana, kinapotea, kinaonekana. Kisha nilihesabu kichwa kimoja tu, chenye nguo nyeupe. Nikaendelea kupiga. Mpishi ndiye aliyekuja kunishika mikono.

Upepo uliibeba kanoti hadi kwenye mafunjo ya upande wa pili, Madamu akaokotwa hai. Alisema Kalonda alisukuma muda mrefu, kisha mguu wake ukakamaa, akamwambia jambo kwa Kiswahili ambalo yeye hakulielewa, akaachia.

Jua lilikuwa utosini nilipomwona mtu mmoja anashuka njia ya kilimani. Mmoja. Alikuwa anakimbia namna wazee wanavyokimbia, hatua tano na kupumzika, hatua tano na kupumzika. Mkononi alikuwa na kamba, ile kamba yake ya kufungia kuni. Alikuwa amewaambia wanaume wote kule juu, twendeni, nao wakamjibu, mama, sisi tulikwisha kuchapwa. Basi mama yangu akachukua kamba yake akaja. Alikanyaga mchanga wangu uliofagiwa, akasimama mbele yangu, pumzi imekatika, akatazama Wazungu, akatazama maji, akanitazama mimi.

"Sumaili, nani alizama?"

Nilifungua mdomo. Aliona jibu kabla halijatoka. Hakulia pale. Alikaa chini mchangani, akaanza kukunja ile kamba, polepole, mkunjo juu ya mkunjo, kama anavyofanya akimaliza kazi ya kuni.

Tulimpata Kalonda siku ya pili. Kwenye mazishi kule kilimani wanaume wote walikuja, walichimba, walibeba, hawakuacha kitu cha heshima. Baadaye mzee Lubunga alinikuta nyuma ya nyumba ya mama. Alikuwa analia, mzee yule.

"Tulisikia," akasema. "Usifikiri hatukusikia. Tulisikia vizuri sana, mpaka na jina la baba yako. Tukasema, Sumaili iko ku kazi."

Kabambare nilipewa medali, mbele ya bendera, polisi wamejipanga. Administratere alisema mimi na marehemu ndugu yangu tulimwokoa Madamu. Aliniwekea kile chuma kifuani mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, alidhani ananipa kitu. Nilipomwonyesha mama, aliigeuza mara mbili akanirudishia, akaniuliza kama nimekula. Miaka aliyobaki nayo hakunilaumu hata siku moja. Nilikuwa namletea chumvi, namletea nguo, anapokea, anashukuru, na kamba ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya mgongo wake. Hakufungia kuni nayo tena.

Na ziwa? Ziwa likawa zuri. Baada ya Kalonda hakuna aliyeshuka tena. Mitumbwi iliyozamishwa iliozea chini na mawe yake. Watoto waliozaliwa kilimani walikua bila kujua kuogelea, walikula mboga za majani, waliogopa maji kama kaburi. Wageni waliandika katika kitabu cha baraza kwamba hawajaona mahali pa pori namna hii, na wakubwa wa Kasongo walinisifu kuwa mlinzi bora. Sikuwa nalinda kitu. Sikuwa na mtu wa kumfukuza. Nilipiga ngoma ya kuwatoa watu ambao hawapo, kwa sababu ndiyo kazi, na nyayo nilizokuwa nafagia zilikuwa zangu na za mpishi.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Wazee wengine watawapa mausia mazuri, nendeni kwao. Mimi nilijifunza kwamba mtu anaweza kufanya kazi yake vizuri kila siku, akasifiwa, akazeeka, na kumbe alichokuwa anafanya ni kuondoa watu wake duniani, mmoja mmoja, kwa fagio. Mnaniomba niwafundishe maneno ya lukumbi kabla sijafa. Nitawafundisha mwito wa mkutano, wa harusi, wa mgeni, majina yote. Mwito wa maji siwafundishi. Mtaupiga, na mtangoja.

Niliacha kazi miezi michache kabla ya uhuru. Mkubwa wa mwisho, kijana asiyejua habari zetu, aliniandalia sherehe ndogo barazani, na wageni wa msimu huo wakakaa na glasi zao. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa mwaka uliotangulia. "Sumaili," akasema yule kijana, "utupigie ngoma yako mara ya mwisho. Chochote unachopenda."

Nilichukua vijiti, kimoja cha baba, kimoja nilichochonga mwenyewe, nikapiga mwito wa maji. Niliupiga kamili, na jina la Kalonda mwishoni. Sauti ilikwenda juu ya maji ikapanda kilimani, hakukuwa na upepo, hakuna mtu kule ambaye hakuisikia. Wageni wakapiga makofi. Mimi niligeuka nikaitazama ile njia.

Nilingoja mpaka walipokwisha kunywa. Moshi wa kijiji ulikuwa unapanda wima. Kwenye njia hakutoka mtu. Yule aliyekuja mara ile alikuwa peke yake, naye hayupo.

Nikaviweka vijiti juu ya ngoma. Kesho yake asubuhi wageni walikuwa wanataka kuogelea, na mchanga ulikuwa umekanyagwa, kwa hiyo nikachukua fagio. Nilianzia kwenye maji nikarudi kinyumenyume, kama siku ya kwanza, nikifuta kila nilipokanyaga, mpaka mgongo wangu ukagusa majani ya njia ya kilimani. Nikaliegemeza fagio kwenye mti, nikapanda kwenda kwetu.